Mtama Uliotangulia

Jumatatu, 3 Juni

Ndege wamenijua. Jana walikuwa wachache, leo wamekuja kama moshi. Mtama wa mji mzima bado ni majani, wangu tu ndio umetoa masuke — basi wote kwangu. Nimeshinda juu ya dungu, kichanja cha kuamia ndege, Kibonge mgongoni, napiga debe mpaka mikono imekufa ganzi. Mtoto ameshazoea, kelele ndiyo inamlaza. Nikinyamaza anaamka.

Nimeuma punje. Maziwa matupu.

Kosa ni langu. Mtangazaji wa halmashauri alipita na baiskeli na kipaza sauti chake: asipande mtu mpaka wiki itakayotangazwa. Nilisikia vizuri. Lakini mvua ilikuwa imeshanyesha, na baba Kibonge alikuwa karibu kurudi kwenye kazi ya barabara. Nikasema tupande tukiwa wawili. Nikajiona mjanja.

Jumatano, 5 Juni

Mama mkwe amerudi kutoka kwa wifi. Amesimama ukingoni mwa shamba, akawatazama ndege, akaguna. Basi. Nilitamani anitukane yaishe.

Jioni, akichambua maharage, ndipo akanieleza. Zamani hapa kila mtu alipanda anavyotaka. Ndege wakimaliza shamba la huyu wanahamia la yule, msimu mzima wanakula. Watu wakabaki kuchimba mizizi. Ndipo wakakubaliana kupanda wiki moja, masuke yatoke pamoja, ndege wagawanyike, kila mtu apoteze kidogo. Hapakuwa na ofisi wala mhuri. Hiyo halmashauri unayoiona na mabati yake, akasema, ilizaliwa na ndege.

"Na wewe, mwanangu, umewafungulia hoteli."

Tukacheka.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeitwa ofisini. Nimekaa kwenye benchi, Kibonge anatafuna ncha ya kitambaa cha meza, naona haya kumnyang'anya.

Mama Pacha, tunayepakana naye mashamba, kasema mbele yangu. Ndege wakishaijua njia hawaondoki, masuke yetu yakitoka watakuwa wameshakuwa wenyeji. Sina ugomvi na wewe, shoga, ila nina midomo miwili iliyokuja kwa mpigo mmoja.

Mwenyekiti — tunamwita Taratibu, kwa anavyoongea — akasema mtama wangu ukatwe wote, ulivyo mbichi, wapewe ng'ombe. Mwisho Jumapili asubuhi. Nikishindwa, watakuja kunisaidia kukata. Kunisaidia, ndivyo alivyosema.

Nikauliza, na sisi tutakula nini mwaka mzima? Taratibu akakuna ndevu. Fundi baiskeli akadakia kutoka nyuma, si ale pamoja na hao ng'ombe. Watu wakacheka. Mama Pacha hakucheka.

Nikasimama, nikasema. Nipeni watu wa kuamia ndege pamoja nami siku chache tu. Punje zikikaza navuna, ndege wanakuta mabua, wanaenda zao. Nyinyi bado hamjatoa masuke.

Taratibu akajibu, tumekusikia. Sijui hiyo ni ndiyo au ni nenda zako.

Jumamosi, 8 Juni

Jua kali. Punje imekuwa kama unga uliokandwa. Nimewasha tumaini tena, mjinga mimi.

Baba Kibonge kapiga simu. Kata, usigombane na mji. Yeye yuko mbali, hajui mtoto anavyokula siku hizi.

Mama mkwe hajasema kata, hajasema usikate. Ametoka asubuhi bila kuaga, karudi jua linazama, miguu imejaa vumbi, akaomba maji. Nikamuuliza alikuwa wapi.

"Nilikuwa nasalimia watu."

Mama mkwe wangu hasalimii watu. Watu ndio humsalimia yeye.

Nimenoa mundu. Nimeuweka nyuma ya mlango nisiuone.

Jumapili, 9 Juni

Naandika juu ya dungu, daftari kwenye goti. Mundu sikuja nao. Ndege wamejaa upande wa mfereji, mabua yamelala kwa uzito wao. Nimeuma punje. Imegoma kidogo kwenye jino. Kidogo tu — lakini imegoma.

Watu wanakuja. Wameshapita kwa fundi, wanateremka kwenye njia ya ng'ombe. Wengi, mpaka Taratibu. Mikononi mna vitu vinavyong'aa. Mundu unang'aa, na debe linang'aa vile vile, na jua linanipiga usoni. Mama mkwe yuko mbele kabisa. Mama Pacha naye yumo, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kamshika mkono. Mtu aende kukata chakula cha mwenzake akiwa na watoto? Au amekosa wa kumwachia, kama mimi.

Masikio yangu yamejaa mlio wa debe tangu juzi, yanavuma tu, cha mbali sikisikii. Naona midomo inafunguka. Naona mikono inapanda na kushuka.

Debe langu nimeliweka chini kitambo, tangu niliposhika penseli. Kungekuwa kimya, Kibonge angekuwa ameshaamka.

Namgusa. Bado amelala.