Icyansi cha Bibi Hakikusafiri

Mzee wangu,

Wamekuja kufunga vitu vyako. Mpwa wako ametoka Ubelgiji, anaharakisha kwa sababu ya vita vya kaskazini, na nyumba yako ya Kimihurura imejaa masanduku. Ngao, vikapu, ngoma, na yale maua uliyoyakausha ndani ya magazeti, vyote vinakwenda. Nilimchemshia chai. Roho yangu ilikuwa kwenye kabati la vioo, kwenye icyansi, kile chombo cha maziwa cha bibi yangu.

Unakumbuka siku mama alipoanza kukupikia? Alikiona chombo hicho cha mama yake kimegeuzwa kichwa chini kama kofia, kikavu, akalia jikoni. Wewe ukadhani ni vitunguu! Alipokueleza uliona haya. Ulisema bibi alikupa mwenyewe, enzi zile ulipokuwa mtawala huku. Mzee, nani angemnyima Bwana Administrateri? Lakini tangu siku hiyo ulimwachia mama akioshe na kukifukiza moshi wa majani, na mama alipofariki ukaniachia mimi, pamoja na jiko. Ukawa unaniambia, "Zaina, hii iko ya kwenu. Nikikufa, irudie kwenu." Uliniambia mimi tu! Mtu aliyebandika jina kwenye kila jani, hili hukumwambia mwingine. Nilikukasirikia hata siku ya mazishi.

Basi jana, kabla hawajalifikia kabati, nilinunua maziwa kwa yule mama wa Kabuga nikakijaza icyansi mpaka juu. Mpwa wako alipokishika nikamwambia kwetu chombo chenye maziwa hakipelekwi ugenini, ni mkosi. Akakiweka chini polepole, kama mtoto aliyelala. Akauliza, sasa afanyeje? Nikamwambia akiache kwangu. Akakiacha, tena akaomba radhi.

Mila hiyo haipo, Mzee. Niliitunga palepale. Wewe ungeiandika haraka haraka, kisha ungenishukuru.

Nimekulilia sana, mkaidi wangu. Asubuhi bado nachemsha kahawa ya watu wawili. Kaburini kwako nimepanda ua lenye mizizi yake, na safari hii tafadhali usilikaushe.

Lala salama. Leo wanangu wamekunywa maziwa ya icyansi cha bibi, na nakuahidi hakitakauka tena.

Zaina wako