Ndakala Zenye Mchanga

Mama,

Miezi mitano imepita tangu tukuzike kule Mpala, na bado nikirudi kutoka ufukweni napiga hodi kama mtu anayetegemea kuitikiwa na wewe. Mjukuu wako Furaha ndiye anayefungua. Ananitazama mikononi kwanza, kisha usoni.

Mikononi huwa nina mifuko ya duka. Nakwambia ukweli, maana hata ulipokuwa hai sikuweza kukudanganya. Tumekula tambi za pakiti, soseji za kopo, biskuti, na ile juisi ya unga inayowaacha watoto ulimi mwekundu. Mashine za mitumbwi ninazotengeneza zinaharibika bila kuniuliza kama nimechoka, na Mama Furaha bado anafundisha kule Bendera, anarudi mwisho wa mwezi tu. Naingia ndani jua linazama, makaa hayajawashwa, watoto wote wawili wana njaa. Nachemsha maji kidogo, tumekula, yamekwisha. Nilikuwa sijui, Mama, kwamba nyumba hii ilikuwa inakula kwa mikono yako miwili. Nilidhani chakula kipo tu.

Mwezi uliopita akaja mdogo wako, Mama Mudogo. Akayaona makopo niliyoyaficha nyuma ya mlango. "Papa Furaha, hii njo chakula unapatia batoto?" Aibu ilinishika mpaka masikioni. Alipoondoka tu, nikakusanya kila pakiti nikampelekea jirani, kana kwamba watoto wake yeye wana matumbo ya chuma.

Kesho yake nikanunua ndakala, dagaa wa ziwa letu, nikasonga bukari mwenyewe. Ndakala niliziosha haraka, mara moja, nikazimwaga sufuriani pamoja na maji yake. Mchanga wote wa ufukweni ukaingia kwenye mchuzi. Amani, yule mdogo, alicheka, kwake kila kitu ni mchezo. Furaha alitafuna mara mbili, akasema, "Papa, iko na muchanga," akasukuma sahani.

Hakula vizuri siku hiyo, wala iliyofuata, wala wiki nzima. Hata nilipopika maharage yasiyo na kasoro, alimega tonge moja akaacha. Alitaka biskuti tu. Shingo yake ikaanza kuwa nyembamba, Mama, nikaogopa. Mimi nikiogopa unanijua, napiga kelele. Nilimgombeza mtoto wa miaka minane kwa ajili ya biskuti, mpaka Amani akakimbilia uani.

Furaha akalia, na katika kulia akanitolea siri yenu. "Bibi alikuwa ananipatia mbili, na yeye mbili. Tunachovya mu chai. Alisema nisikuambie."

Kumbe wewe! Wewe uliyekuwa ukinihubiria kwamba vitu vya pakiti ni vya wasafiri! Kila siku saa kumi, mimi nikiwa nimejaa mafuta ya mashine kule ufukweni, mlikuwa mnakula biskuti nyuma ya mgongo wangu. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Kisha kicheko kikanigeuka, nikalia mbele ya mtoto wangu, naye akanifuta uso kwa kitenge chako.

Ndipo nikajiona. Nilikuwa napakua, nawaachia sahani, natoka nje kushughulika na vipuri. Chakula changu nakula nimesimama karibu na sufuria. Tangu uondoke sijaweza kukaa kwenye ule mkeka wa chakula, Mama. Naona pale ulipokuwa unanyoosha mguu wako unaouma, narudi kwenye sufuria. Watoto walikuwa wanakula peke yao, nami peke yangu, ndani ya nyumba moja.

Jumapili nilichemsha chai. Biskuti mbili za Furaha, mbili zangu, mbili za Amani. Nikakaa nao mkekani. Halafu Furaha akanifundisha kuosha ndakala jinsi alivyokuona wewe: unaziinua kwa mkono, mchanga unabaki chini ya beseni, unabadilisha maji, unarudia. Jioni alikula bukari mpaka akaomba ukoko.

Sasa Jumapili nachemsha maharage mengi yatufikishe Jumanne. Jirani akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, ananitwangia na yangu, nami namtengenezea baiskeli. Siku nikizidiwa tunakula tambi, naongeza nyanya na ndakala ndani, na pakiti siifichi. Mama Mudogo akija, ataikuta pale mkekani.

Pumzika, Mama. Siwezi kukuahidi sombe ya kila siku, utanicheka huko uliko. Nakuahidi kwamba jioni nitakaa chini, nitakula nao sahani moja, wala sitainuka kabla yao. Nafasi yako bado inaniuma kuikalia. Naikalia hivyo hivyo.

Mwanao