Mtama Wetu Uko Chuo Kikuu

Jumamosi, 9 Novemba

Mwenyekiti wa kijiji kapita asubuhi. Wageni wa chuo kikuu wanakuja Issuna Alhamisi — chuo kinatimiza miaka sitini, wanatembelea vijiji vilivyowapa mbegu za utafiti. Na kwetu watafika! Baba mkwe, Mzee Hezekia, hatulii tangu asikie. Macho hayaoni siku hizi, lakini kutwa ananiuliza kama shati lake jeupe nimelifua. Mwaka Mwalimu alipong'atuka, Mzee aliwapa watu wa chuo mtama wetu mwekundu, ule ambao ndege hawaugusi. "Chuo kikubwa hivyo, na mbegu yangu imo!" Kijiji kizima kimechoka na habari hii. Mimi pia, Mungu anisamehe.

Jumatano, 13 Novemba

Nimegombana na Mzee. Anataka wageni wale ugali wa mtama uleule. Uko wapi? Msimu uliopita jua lilichoma kila kitu. Yamebaki mashuke ya mbegu tu, yale yanayoning'inia jikoni juu ya moshi yasiingiwe na wadudu. Hapa kijijini hakuna mwingine mwenye nayo — wote wamehamia alizeti. Nikamwambia, Baba, mbegu hailiwi. Akasema ipo chuoni, kwenye majokofu, na wageni wanatuletea. Eti chuo hakina mwaka wa njaa.

Nikampigia mume wangu Simeoni, yuko Shelui anapakia malori. Eti nimwache mzee afurahi. Wanaume! Basi nimeyatungua yote. Nimesaga. Roho inaniuma mpaka sasa.

Alhamisi, 14 Novemba

Magari meupe, vumbi, watoto wakikimbia nyuma. Hotuba ndefu: chuo kilianza na jengo moja, leo wanafunzi maelfu kwa maelfu, kinatajwa kila mahali, tafiti zake zinasomwa hadi Ulaya. Tukapiga makofi. Mzee kapewa fulana, cheti ndani ya fremu, na kopo la kioo lenye mtama wetu — mwekundu, unang'aa! Alilia. Nami nililia, niseme ukweli. Dokta Chrispin, kijana mpole, aliniamkia shikamoo vizuri akaniachia namba yake ya simu. Ugali waliumaliza. Mmoja aliomba aongezewe.

Jumatano, 20 Novemba

Punje za kopo nilizofunga kwenye gunia bichi Ijumaa — ndivyo tunavyojaribu mbegu kabla ya mvua — hazijachipua. Hata moja! Zinanuka. Labda gunia lilikuwa na mafuta ya alizeti. Nimefunga nyingine kwenye kitambaa safi.

Jumamosi, 23 Novemba

Za kitambaa pia zimeoza.

Nimempigia Dokta Chrispin. Mwanzoni hakunielewa. Halafu sauti yake ikawa ndogo. Kasema majokofu yaliharibika kabla yeye hajaajiriwa, mbegu za miaka ile zote zilikufa. Hizi za kopo ni za maonyesho, Mama. Hakujua kama tungepanda. Jamani! Mkulima unampa mtama, unadhani ataupanga kabatini? Nikamwambia ule ugali mliokula ndio ulikuwa mbegu yetu ya mwisho. Akasema ataandika ripoti. Nikakata simu.

Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Nilitungua kwa mikono yangu.

Mzee sijamwambia. Fulana hajaivua tangu siku ile.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua! Tumetoka kanisani tumelowa chapachapa. Mzee hakusubiri hata chai. Kashika jembe, anapapasa mstari kwa mguu, anachimba, mimi nyuma yake natia punje na kufukia. Ningesema nini? Anaimba! Muda mrefu sijamsikia akiimba. Kaniambia msimu huu tuchague mashuke mazuri tuwapelekee wale watu wa chuo, maana mbegu yao itakuwa imezeeka.

Nimemdanganya nafuata maji ya kunywa, ndipo naandika haya. Anaita. Kashachimba mpaka karibu na mkwaju, na kopo bado lina mtama.