Ukuta Nliouziba

Mjukuu wangu Rahma,

Asalaam aleykum. Huku Mpendae tu wazima. Bibi yako, dada yangu, presha yake imeshuka, na jana kapika boko boko akakutaja.

Umeniuliza, mhandisi akichora fremu ya jengo la kuhimili mvua za siku hizi, aanze na nini? Aanze na njia ya maji kutokea. Mimi nlijifunza kwa ubaya.

Nlipokuwa fundi kijana, chokaa ya nyumba yetu ya Mji Mkongwe ilikuwa ikimeguka. Nkaupiga ukuta plasta ya saruji.

Bibi yako akanionya, "Nassor, ukuta huo umezoea chokaa. Utauziba pumzi!"

"Mambo ya kizamani hayo, dada. Saruji haipitishi maji."

Kweli, haikupitisha. Masika yakaja, maji yakaingia kwa juu, yakakosa pa kutokea. Yakaozesha vichwa vya boriti mle ukutani, dari ikaporomoka na ukuta ukafuata. Alhamdulillahi, hakuwemo mtu. Lakini nyumba ile ungeirithi wewe.

Mpaka leo bibi yako akiulizwa kilichoiangusha, hujibu, "Mvua tu, jamani." Hata wewe kakwambia hivyo. Nami huwa nimekaa pale pale, naitikia, "Naam, mvua."

Babu yako,
Nassor