Vidonge vya Yaya

Kasongo, Jumapili. Ni miaka ishirini na saba tangu nihame huku kwetu.

Mama Zuhura, mke wangu,

Natumaini mvua ya huko haijaingia jikoni. Nilimpelekea Yaya, dada yangu mkubwa wa kijijini Wamaza, hapa Kasongo, vile vidonge vya antioksidanti vya kupunguza uvimbe. Nikamweleza kama profesa kwamba hata mboga na matunda yenye rangi huenda yakapunguza uvimbe wa mwili kwa wanawake wazee wanaofanya mazoezi.

“Mazoezi?” akasema. “Miye niliacha masomo mu darasa la pili.”

Alidhani nasema hesabu za shule.

Anataka nirudi tulime shamba la baba, basi nikamfuata huko kwa miguu. Yeye, na miaka yake sabini na miwili, alilima hadi adhuhuri. Mimi nilirudi juu ya baiskeli ya jirani, goti limevimba kama papai, Yaya akinisukuma.

Jioni alinipakulia sombe, majani ya muhogo yaliyokolea mawese, kisha akanirudishia vidonge. “Mudogo wangu, meza weye. Muzee iko weye.”

Nimemeza. Nimekukumbuka, niwekee kile kiti kirefu barazani nije ninyooshe goti. Shamba nimemwachia Yaya. Kuishi Wamaza sitarudi tena.

Baba Zuhura