Mwalimu Vizibo, Saba Toa Mbili

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ulipotutoka, nasi bado hatujui pa kushika.

Watoto walikuita Mwalimu Vizibo, ukacheka, ukalipokea jina. Miaka thelathini na moja darasa la kwanza, mkoba umejaa vizibo vya soda! Baba, fundi wako wa cherehani, alilalamika kila siku: "Vizibo vyako vitanimaliza miguu." Ukamjibu, "Vaa ndala, baba watoto. Mimi niko kazini."

Nane jumlisha tano? Mmoja ulimpa vizibo ahesabu. Mwingine ulimchorea mstari wa namba sakafuni, aruke hatua kwa hatua. Mwingine ulimwambia amege mbili kwenye tano, nane ifike kumi, kisha aongeze tatu zilizobaki. Wa vidole ulimwachia vidole vyake. Hukumchapa mtoto kwa sababu ya hesabu hata siku moja.

Kisha kikaja kiharusi. Daktari akakuuliza, "Mwalimu, saba toa mbili?" Ukamtazama, ukatabasamu tu.

Kitindamimba wako, aliyekuwa akikuuguza, alisema, "Nitamfundisha mwenyewe." Kila mchana alikaa kitandani pako. Akapanga vizibo saba, akaondoa viwili. Wapi! Akachora mstari nyuma ya bahasha ya dawa. Wapi! Akakwambia uanzie mbili, upande kwa vidole mpaka saba. Ukahangaika weee, ukasema, "Tisa."

Siku hiyo uchovu ulimzidi, akakufokea: "Mama, jamani! Hata wa chekechea wanajua!" Nawe ukaficha vidole vyako chini ya shuka, kama mwanafunzi anayeogopa fimbo.

Siku ya tatu baada ya hapo ukatutoka.

Baba alisema mambo hayo hayaandikwi gazetini. Kitindamimba akalia: "Yaandikwe, Baba. Nimwombe radhi wapi tena?" Tukayaandika. Maji yakimwagika hayazoleki, tunajua, lakini kujua hakumsaidii kulala.

Unakumbukwa na kitindamimba wako, mumeo fundi, wanao dereva na mwashi, wakwe zako, wajukuu wako na walimu wenzako. Kitindamimba aliomba asitajwe kwenye orodha hii. Tumemtaja wa kwanza, tukidhani ndivyo ungefanya. Kama tumekosea, Mama, hatuna wa kumuuliza.

Hutoki mioyoni mwetu.