Tenley na mkono wa jaji

Arlys, shika simu! Nimejificha chooni hapa kwenye mashindano ya biashara ya shule, naogopa kutoka.

Mpwa wangu Tenley kamshika jaji mkono dakika kumi nzima. Dakika KUMI, shoga!

Si unajua wiki zote hizi mimi ndiye niliyekuwa naigiza mteja mkorofi pale jikoni kwangu, yeye akijifunza kunituliza? Kila mara anasahau neno la kwanza. Nikamwambia, "Ukisahau, mpe mkono, usiuachie mpaka ukumbuke." Utani tu jamani!

Leo karatasi ya mashindano ikamwambia aigize meneja wa hoteli, na jaji ni mgeni mwenye hasira, kafunga mizigo anaondoka. Amzuie. Na huu ndio mwaka wake wa mwisho shuleni. Asipopita leo, mashindano ya jimbo atayasikia kwa wenzake.

Akaingia, akampa mkono, maneno yote yakayeyuka. Akashikilia. Maneno yakarudi, mkono akasahau kuuachia! Maskini jaji akaandika alama kwa mkono wa kushoto.

Mwishowe jaji akauliza, "Binti, na nikitaka kuondoka sasa hivi?"

Tenley akamjibu, "Jaribu, bwana."

Jaji akacheka hadi machozi. Akaandika, "Mgeni hakuondoka." KAPITA, Arlys! Anaenda mashindano ya jimbo, Des Moines!

Sasa mama yake anazunguka ukumbini, "Nani kamfundisha mwanangu upuuzi huu?" Nasikia viatu vyake mlangoni.

Nimemtumia ujumbe kwamba ni wewe. Akikupigia, usipokee.